Je, Yupo Kiumbe Mwenye Akili Aliyezaliwa Muovu? Maelezo Kuhusu Mazimwi wa Michezo ya Kuigiza

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Muumba wa kila kitu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama ba'ad:

Vijana wetu wanaosoma nje, na siku hizi hata waliopo hapa nyumbani, wamekuwa wakituuliza kuhusu michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mezani. Mashuhuri zaidi ni ule uitwao Dungeons & Dragons. Wengi huuliza tu kama ni halali au haramu. Lakini ndani ya mchezo huo limo swali jingine, na kwa maoni yetu ni zito zaidi. Wamo humo viumbe wanaozungumza, wanaozaa na kulea, wenye viongozi na ibada zao, na vitabu vya mchezo kwa muda mrefu vimesema kuwa viumbe hao ni waovu kwa asili yao. Mchezaji huwaua bila ya kuuliza wamefanya nini. Fikra hii ya umma uliozaliwa muovu imetoka wapi? Wenye mchezo wenyewe wameshughulika nayo vipi? Na Muislamu aipime kwa mizani gani? Hayo ndiyo tutakayoyaeleza, In shaa Allah.

Mchezo wenyewe ni upi

Dungeons & Dragons ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Watungaji wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Asili yake ni michezo ya vita ya mezani, ambapo mtu husogeza vikosi vya askari wadogo wa sanamu. Jipya lililoletwa ni kwamba mchezaji haongozi tena jeshi, bali anakuwa mtu mmoja mwenye jina lake: mpiganaji, mchawi, mwizi au mtu wa ibada. Mmoja katika kundi huwa msimamizi. Yeye ndiye anayesimulia, anayeeleza pangoni mna nini, na anayesema kwa niaba ya kila watakayekutana naye njiani. Wachezaji hueleza wanataka kufanya nini, kisha dadu hutupwa kujua kama wamefaulu. Kwa ufupi ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa pamoja.

Katika mchezo wa vita adui hahitaji sababu: jeshi hili linapigana na lile, basi. Lakini mchezaji alipogeuka kuwa mtu, swali la haki liliingia naye pangoni. Huyu ninayemuua amenikosea nini?

Mizani ya tabia iliyowekwa na mchezo

Jibu la mchezo lilikuwa ni kumpa kila kiumbe alama ya mwelekeo wake. Mwaka 1974 mielekeo ilikuwa mitatu: nidhamu, fujo, na kati kwa kati. Mwaka 1978 ikawa tisa, kwa kuunganisha nidhamu na fujo upande mmoja, na wema na uovu upande wa pili. Kwa mchezaji, mwelekeo ni khiyari yake. Kwa mazimwi, umeandikwa kitabuni pamoja na idadi ya meno na nguvu za mwili, kana kwamba uovu ni kiungo kama mkia.

Mfano mkubwa ni wale waitwao maorki, watu wa kubuni wenye sura za kutisha na maisha ya vita. Ukifuatilia vitabu utaona jambo la ajabu. Katika chapa ya 1974 maorki wameorodheshwa mara mbili: miongoni mwa viumbe wa kati kwa kati, na pia miongoni mwa viumbe wa fujo. Katika kitabu cha mazimwi cha 1977 wakawa waovu wenye nidhamu. Katika chapa ya 2000 wakaandikwa kuwa mara nyingi ni waovu wa fujo, na ya 2014 ikawataja kuwa waovu wa fujo. Basi hiyo inayoitwa asili yao imekuwa ikibadilika pamoja na mabadiliko ya chapa. Asili ya kweli haibadilishwi na mchapishaji.

Maorki wametoka wapi

Mchezo uliwachukua maorki kutoka katika riwaya za J.R.R. Tolkien, profesa wa lugha wa Oxford, Uingereza, aliyeandika The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954 hadi 1955). Katika vitabu vyake maorki ni askari wa dhalimu mkuu, na hakuna hata mmoja anayeonekana kutubu.

Tolkien alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini yake, na jambo hili lilimkera mwenyewe. Yeye aliitakidi kuwa hakuna kilichokuwa kiovu tangu mwanzo, na kwamba uovu hauumbi bali huharibu kilichoumbwa. Sasa maorki wametoka wapi? Katika The Silmarillion, kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya kufa kwake, inaelezwa kuwa walitokana na viumbe wema waliotekwa, wakateswa na kuharibiwa. Katika maandishi yake mengine alijaribu majibu tofauti: kwamba wametokana na wanadamu, au kwamba ni wanyama tu waliofunzwa kuiga maneno. Kila jibu lilimfungulia tatizo jingine. Wakiwa na roho, vipi wasiwe na njia ya kuokoka? Na wakiwa wanyama, vipi wanazungumza, wananung'unikia wakubwa wao na kupanga kutoroka? Alifariki mwaka 1973 bila ya kulimaliza suala hilo.

Na lipo la sura. Katika barua ya mwaka 1958, akitoa maoni juu ya mpango wa filamu, Tolkien aliwaelezea maorki kwa kuwafananisha na watu wa Asia ya Kimongoli katika sura ambayo Wazungu wangeiona mbaya kabisa. Mchezo nao, mwaka 1978, ukaleta watu waitwao drau, wanaoishi chini ya ardhi, wenye ngozi nyeusi, na jamii yao ikaelezwa kuwa ni ya uovu. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa kwa nini hapo mtu husita.

Mas-ala ya watoto wa pangoni

Mwaka 1979 Gygax alitoa kitabu kidogo cha kuwafunza wanaoanza, The Keep on the Borderlands, ambacho kimepita mikononi mwa wachezaji wengi mno. Ndani yake mna bonde lenye mapango, na kila pango lina kabila lake: maorki, magoblini na wengineo. Mwandishi aliwahesabu wapiganaji, kisha akawahesabu pia wanawake na watoto waliomo. Wachezaji wameshawaua baba zao wote, sasa wamesimama mbele ya watoto. Wafanye nini?

Swali hili limewagombanisha wachezaji kwa zaidi ya miaka 40. Limekuwa gumu zaidi kwa anayeigiza shujaa aliyekula kiapo cha wema, kwani kwa kanuni za mchezo akitenda uovu hupoteza cheo chake. Ikiwa watoto hawa ni waovu kwa kuzaliwa, basi kuwaua ni wema, na kuwaacha hai ni uzembe. Akili inafika hapo hatua kwa hatua, na moyo unakataa kuingia.

Mwaka 2005, akijibu maswali ya wachezaji, Gygax mwenyewe alisema kuwa shujaa wa wema hakatazwi kuua maadui wa namna hiyo, na akatumia msemo wa zamani wa Kiingereza kwamba mayai ya chawa ndiyo yanayokuwa chawa. Alijua pia kuwa msemo huo unanasibishwa na Kanali John Chivington. Huyo ndiye aliyeongoza askari katika mauaji ya Sand Creek, Colorado, tarehe 29 Novemba 1864. Waliuawa zaidi ya watu 150 wa makabila ya Cheyenne na Arapaho, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Hatusemi kuwa kila anayecheza anawaza mauaji. Gygax alikuwa akizungumzia viumbe visivyokuwepo. Lakini tazama: alipotafuta hoja ya kumuua mtoto wa zimwi, hakuipata katika ulimwengu wa hadithi. Aliipata katika ulimwengu wetu, tayari imeshatumika. Na sisi majirani wa Rwanda tunakumbuka kuwa mwaka 1994 redio ilikuwa ikiwaita Watutsi mende. Mwenye kutaka kuua umma mzima huanza kwa kuutoa katika uanadamu.

Wenye mchezo walivyorudi nyuma

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1988 mwandishi R.A. Salvatore alimtoa katika riwaya mhusika aitwaye Drizzt, mtu wa drau aliyewakimbia watu wake kwa kuukataa uovu wao. Wasomaji walimpenda sana, na kila aliyempenda alikuwa amekubali kuwa drau anaweza kuchagua. Chapa ya 2000 ikaweka daraja: baadhi ya viumbe huwa na mwelekeo fulani daima, wengine kwa kawaida, wengine mara nyingi tu. Hata hivyo, kitabu cha wachezaji cha 2014 bado kilisema kuwa miungu waovu waliwaumba watu kama maorki wawatumikie, wakawatia mwelekeo wa kuzaliwa nao.

Mwezi wa Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayochapisha mchezo huu, ilitoa tamko la kukiri kwamba maorki na drau walikuwa wameelezwa kwa namna inayokumbusha jinsi makabila ya watu wa kweli yalivyodhalilishwa na yanavyoendelea kudhalilishwa. Mwaka huo huo iliondoa upungufu wa akili ambao kitabu cha 2016 kiliwapa maorki. Mwishoni mwa 2022 ikatangaza kuacha neno la Kiingereza linalomaanisha mbari na kutumia neno spishi. Na katika kitabu cha wachezaji cha 2024, orki ni mmoja kati ya wale ambao mchezaji yeyote anaweza kuwachagua awe yeye.

Si wote walioridhika. Wapo wanaosema: huu ni mchezo, mtu amechoka na kazi za siku nzima, anataka adui asiyemtia mashaka. Hoja hii si ya kudharauliwa. Nasi tulikua na mazimwi wetu. Nilipokuwa mtoto hapa Unguja, bibi akisema paukwa nasi tukijibu pakawa, hatukuwahi kumuuliza zimwi amelelewa vipi. Tulitaka afe tukalale. Lakini hata wazee wetu waliacha mlango wazi kidogo, waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi wao anajua kujuana.

Mizani ya Uislamu

Kwanza, asili ya mwanadamu. Al-Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio wanaomuelekeza kwengine. Na Suratul An'aam, aya ya 164, inabainisha kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine.

Pili, majini. Wapo watakaosema kuwa maorki si wanadamu, basi fitra haiwahusu. Tuwatazame basi viumbe wasiokuwa wanadamu ambao sisi tunawaamini kwa yakini. Katika Suratul Jinn, aya ya 11 na ya 14, majini wenyewe wanakiri kuwa miongoni mwao wamo wema na wamo wasiokuwa hivyo, wamo Waislamu na wamo waliopotoka. Mchezo huu umechukua majina ya Kiarabu ukayagawa kwa kuzaliwa: "djinni" ukamfanya mwema, na "efreeti", yaani afriti, chapa ya 2014 ikamfanya muovu. Ilhali afriti anayetajwa katika Suratun Naml, aya ya 39, yumo katika baraza la Nabii Sulayman ('Alayhis salaam), anajitolea kukileta kiti cha enzi, na anajieleza kuwa ni mwenye nguvu na muaminifu.

Tatu, Iblis. Hata yeye hakuumbwa akiwa amelaaniwa. Suratul Kahf, aya ya 50, inatueleza kuwa alikuwa katika majini, akaasi amri ya Mola wake. Kuasi ni tendo. Na hoja aliyoitoa, kama ilivyokuja katika Suratul A'raaf, aya ya 12, ilikuwa ni ya asili ya kuumbwa: yeye ni wa moto na Adam ni wa udongo, kwa hiyo yeye ni bora. Ndugu msomaji, zingatia hapa. Anayehukumu kiumbe kwa alichoumbiwa, si kwa alichokitenda, anaitumia hoja ya Iblis.

Nne, Yaajuj na Maajuj. Huenda mtu akauliza: je, hao si umma muovu kwa asili? Wanachuoni wengi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema kuwa hao ni katika kizazi cha Adam. Qur-aan imewataja kwa kitendo chao, nacho ni kufanya ufisadi katika ardhi. Na watu walipomlalamikia Dhul-Qarnayn, yeye aliwajengea kizuizi. Alizuia madhara, wala haikutajwa kuwa aliwafuata huko waliko kuwamaliza.

Tano, na hili ndilo linalogusa wale watoto wa pangoni. Imam Ahmad na wengineo wamepokea kutoka kwa Al-Aswad bin Sarii' (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba katika vita baadhi ya watu walivuka mpaka hata wakaua watoto. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipolikemea hilo, mtu mmoja alijitetea kuwa wale walikuwa watoto wa washirikina tu. Akajibiwa kwa kukumbushwa kuwa wabora wao wenyewe nao walikuwa watoto wa washirikina, kisha akawakataza kuua watoto.

Atakayeleta kisa cha Khidhr na yule kijana katika Suratul Kahf, basi hoja hiyo ilishaletwa zamani. Muslim amepokea kuwa Najda, kiongozi wa Khawaarij, alimuandikia Ibn 'Abbaas (Radhiya Allahu 'anhuma) akimuuliza, miongoni mwa mambo mengine, kuhusu kuua watoto. Ibn 'Abbaas alimjibu kuwa Mtume hakuwa akiua watoto, basi naye asiwaue, isipokuwa awe anayajua aliyoyajua Khidhr kuhusu kijana yule. Na hayo hakuna kati yetu ayajuaye, kwani ni elimu ya ghaibu aliyofunuliwa na Allah.

Malaika wameumbwa wakiwa watiifu, wala hawaasi. Lakini hatukufundishwa umma wowote wenye akili ulioumbwa upande wa pili, ukafungiwa mlango wa uongofu, kisha ukahukumiwa kwa hilo. Palipo na akili pana taklifu, na palipo na taklifu pana khiyari. Kiumbe asiye na khiyari, kama chui au nyoka, anaweza kudhuru na tukajikinga naye, lakini hatumwiti muovu.

Nasaha kwa wachezaji na wazazi

Kuhusu hukumu ya mchezo wenyewe, yapo mambo yanayohitaji fatwa yake: matumizi ya dadu, ambayo madhehebu yetu ya Shaafi'i ina maneno makali juu yake kwa sababu ya Hadiyth ya nardi, na kuigiza mtu anayeabudu miungu ya uongo, jambo ambalo Muislamu hafai kulifanyia mzaha. Hayo tumeyaweka kando leo, na kunyamaza kwetu kusifahamike kuwa ni ruhusa.

Ama katika mada yetu, tunamuusia kijana atenganishe mambo matatu. Zimwi lisilo na akili ni kama mnyama mkali: kujikinga nalo hakuna utata. Adui mwenye akili aliyedhulumu, akavamia vijiji na kuua, anapigwa vita kwa dhulma yake, na akisalimu amri ana haki zake. Lakini umma wenye lugha, watoto na wazee, ukaambiwa uuwe kwa sababu ya damu yake tu, hapo simama, hata kama ni hadithi. Muulize msimamizi: hawa wamefanya nini? Swali hilo moja hubadilisha mchezo wote, na ni swali la kuzoea kuliuliza kabla hujalihitaji nje ya mchezo.

Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao na vitabu hivi usianze kwa kuvichana. Kaa naye, muulize anamuua nani humo na kwa nini. Huenda ukagundua kuwa swali la wale watoto wa pangoni linamsumbua na hana wa kumuuliza. Hapo msimulie jibu la Ibn 'Abbaas kwa Najda.

Tunamuomba Allah atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atukinge na kiburi cha kumdharau kiumbe kwa asili yake.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.